Mário Coluna: Kiungo Aliyeiongoza Benfica na Ureno

Mário Esteves Coluna, kiungo aliyezaliwa Msumbiji na kuichezea Ureno, alicheza fainali tano za Klabu Bingwa Ulaya akiwa na Benfica ya Lisbon, akafunga bao katika mbili za mwanzo, akatwaa ubingwa wa ligi ya Ureno mara 10, na mwaka 1966 akaiongoza timu ya taifa ya Ureno kama nahodha hadi nafasi ya tatu ya Kombe la Dunia, nafasi ambayo nchi hiyo haikuwahi kuivuka katika fainali zote zilizofuata hadi zile za 2022. Hata hivyo, zama hizo za mpira wa Ureno zinapoelezwa, sifa nyingi humwendea Eusébio, mshambuliaji aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka sita, ambaye naye alizaliwa Msumbiji. Makala haya yanaeleza kwa nini mafanikio ya timu zile hayaeleweki vizuri bila Coluna, kwa kuwa yeye ndiye aliyezipa mpangilio, utulivu na mamlaka ambavyo mfungaji bora peke yake hawezi kuviumba.

Kiungo ni mchezaji anayesimama kati ya mabeki na washambuliaji, ambaye kazi yake ni kunyang'anya mpira, kuutuliza, kuamua uende upande gani na kwa kasi gani, kisha kuwafikishia wenzake walio karibu na lango la wapinzani. Siku hizi kazi hiyo imegawanywa, hivi kwamba mashabiki wa Afrika Mashariki humtaja kiungo mkabaji, anayewalinda mabeki kwa kuvunja mashambulizi, na kiungo mshambuliaji, anayetengeneza nafasi za mabao. Katika miaka ya 1950 na 1960 mgawanyo huo ulikuwa haujakomaa, na mchezaji mmoja aliweza kutakiwa kukaba ndani ya eneo lake la hatari, kuupandisha mpira hadi katikati ya uwanja, kutoa pasi ya mwisho na, nafasi ilipotokea, kupiga shuti mwenyewe. Coluna aliyafanya yote hayo kwa miaka 16 katika klabu moja.

Kutoka Inhaca hadi Lisbon

Coluna alizaliwa tarehe 6 Agosti 1935 katika Inhaca, kisiwa kilicho mlangoni mwa ghuba ya mji uliokuwa ukiitwa Lourenço Marques, ambao leo ni Maputo, mji mkuu wa Msumbiji. Baba yake alikuwa Mreno na mama yake alikuwa Mwafrika wa Msumbiji, na malezi yake yalikuwa ndani ya koloni lililowagawa watu kwa sheria na kwa makazi. Katika mji huo, mitaa ya saruji iliyo karibu na bandari ilikuwa zaidi ya wazungu, ilhali Waafrika wengi waliishi pembezoni, katika nyumba za matete na mabati, ambako vijana walicheza chandimu kwa mipira ya matambara, mara nyingi bila viatu. Katika mazingira hayo ndimo walimotoka wachezaji kadhaa ambao baadaye waliubadilisha kabisa mpira wa Ureno.

Njia ya kutoka Lourenço Marques kwenda Lisbon ilifunguliwa na Sebastião Lucas da Fonseca, aliyejulikana zaidi kwa jina la Matateu, mshambuliaji aliyejiunga na klabu ya Belenenses mwaka 1951 na kuwa mfungaji bora wa ligi ya Ureno katika msimu wa 1952–53 na tena wa 1954–55. Mafanikio yake yaliwaonyesha viongozi wa klabu za Lisbon na Porto kwamba makoloni yalikuwa na vipaji ambavyo havikuhitaji kununuliwa kutoka nchi ya kigeni, kwa sababu serikali ya Ureno ilikuwa imeyaita makoloni hayo mikoa ya ng'ambo tangu 1951, na wachezaji waliotoka huko walihesabiwa kuwa Wareno. Jambo hili lilikuwa na uzito wa pekee kwa Benfica, ambayo kwa miongo mingi haikusajili wageni, bali iliwatumia Wareno na wenyeji wa makoloni ya Ureno tu.

Coluna alikuwa mshambuliaji wa Desportivo, klabu ya Lourenço Marques iliyokuwa na uhusiano wa karibu na Benfica, na mwaka 1954, akiwa karibu kutimiza miaka 19, alisajiliwa na klabu hiyo ya Lisbon. Mwaka huohuo serikali ya Ureno ilitoa sheria iliyowaweka Waafrika wengi wa Msumbiji, Angola na Guinea katika daraja la wenyeji wasio na haki kamili za uraia. Ili mtu atoke katika daraja hilo alitakiwa kuthibitisha kwamba anakijua Kireno, ana kipato na anaishi kwa desturi zilizokubaliwa na watawala. Sheria hiyo haikufutwa hadi 1961. Kwa hiyo kijana aliyeondoka Lourenço Marques mwaka huo alikuwa anatoka katika nchi ambako nafasi ya mtu ilipimwa kwa asili yake, na alikuwa anaingia katika kazi ambako, walau kwa dakika 90 za mchezo, ilipimwa kwa anachoweza kufanya.

Mshambuliaji anageuzwa kuwa kiungo

Coluna alifika Benfica wakati klabu ilipokuwa ikibadilishwa na kocha Otto Glória, Mbrazil aliyeanza kazi hapo mwaka 1954. Glória alileta utaratibu wa kazi ya kulipwa katika klabu iliyokuwa bado na tabia nyingi za ridhaa: wachezaji vijana, hasa waliotoka mbali, waliwekwa pamoja katika bweni la klabu, mazoezi yakapangiwa saa, na mwenendo wa mchezaji nje ya uwanja ukawa sehemu ya kazi yake. Tarehe 1 Desemba mwaka huo klabu ilifungua uwanja wake mpya, Estádio da Luz, na msimu ulipomalizika Benfica ilikuwa imetwaa ubingwa wa ligi pamoja na Kombe la Ureno. Coluna hakuhitaji muda mrefu kuonekana na taifa zima, kwa kuwa mwezi Mei 1955 alianza kuichezea timu ya taifa dhidi ya Scotland katika jiji la Glasgow.

Uamuzi mkubwa zaidi wa Glória kumhusu ulikuwa wa kumwondoa mbele. Nafasi ya mshambuliaji wa kati ilikuwa ya José Águas, mzaliwa wa Angola na mfungaji hodari, na ilikuwa dhahiri kwamba Coluna asingepata nafasi ya kudumu kwa kushindana naye. Kocha aliona kwamba kijana huyu alikuwa na sifa ambazo hazikuhitaji kubaki karibu na lango: mwili wenye nguvu, pumzi ya kukimbia mchezo mzima, shuti kali la mbali, na jicho lililouona uwanja kwa mapana. Alimrudisha nyuma, na mchezaji aliyekuja kufunga mabao akajifunza kuwahudumia wafungaji.

Ili kuelewa uzito wa uamuzi huo, inafaa kueleza mifumo ya uchezaji ya wakati ule. Mfumo uliotawala Ulaya tangu miaka ya 1920 uliitwa WM, kwa sababu nafasi za wachezaji zikiunganishwa kwa mistari huchora herufi hizo mbili. Ulikuwa na mabeki watatu, viungo wawili wa nyuma, washambuliaji wawili wa ndani waliorudi kidogo, na washambuliaji watatu wa mbele. Brazil na Hungaria ndizo zilizoendeleza mfumo mwingine, wa 4-2-4, yaani mabeki wanne, viungo wawili na washambuliaji wanne. Mfumo huo uliongeza nguvu nyuma na mbele kwa wakati mmoja, lakini gharama yake ilikuwa katikati ya uwanja, ambako wachezaji wawili tu walitakiwa kuliziba eneo lililokuwa likifanyiwa kazi na wanne. Timu iliyoutumia bila kiungo mwenye pumzi na akili ilikatika vipande viwili, mabeki wakabaki peke yao nyuma na washambuliaji wakasubiri mpira usiofika. Glória alikuwa mmoja wa makocha waliouleta mfumo huu Ureno, na kwa Coluna alikuwa amempata mtu wa kuubeba.

Bern na Amsterdam

Mwaka 1959 Benfica ilimwajiri kocha Mhungaria Béla Guttmann, aliyekuwa ametoka kuipa Porto ubingwa wa ligi. Guttmann alisisitiza mchezo wa kushambulia kwa pasi za haraka na shuti bila kusita, naye alikuta katikati ya uwanja kiungo aliyekwisha kukomaa. Benfica ilitwaa ubingwa wa 1960, na hivyo ikapata nafasi ya kushiriki Klabu Bingwa Ulaya, mashindano yaliyokuwa yameanza 1955 na ambayo Real Madrid ya Hispania ilikuwa imeyashinda mara zote tano za mwanzo.

Fainali ya tarehe 31 Mei 1961 ilichezwa katika jiji la Bern, Uswisi, na mpinzani alikuwa Barcelona, timu iliyoitoa Real Madrid njiani na iliyokuwa na nyota wa Kihungaria kama Kubala, Kocsis na Czibor. Kocsis alifunga mapema, Águas akasawazisha, na dakika moja baadaye kipa wa Barcelona, Ramallets, akaukosea mpira na kuuingiza langoni mwake. Katika dakika ya 55 Coluna aliukuta mpira nje ya eneo la penalti akaupiga kwa nguvu hadi wavuni, bao lililoifanya Benfica iongoze 3-1. Czibor alipunguza tofauti, mashuti ya Barcelona yakagonga miamba ya goli zaidi ya mara moja, lakini Benfica ikashinda 3-2. Eusébio, aliyekuwa ameshafika Lisbon, hakucheza fainali hiyo, na ukweli huo peke yake unatosha kuonyesha kwamba Benfica ya Coluna ilikuwa bingwa wa Ulaya kabla ya mshambuliaji huyo kuanza kuipa umaarufu mpya.

Mwaka uliofuata, tarehe 2 Mei 1962, Benfica ilikutana na Real Madrid yenyewe katika jiji la Amsterdam, Uholanzi. Ferenc Puskás aliifungia Madrid mabao matatu katika kipindi cha kwanza, na timu zilikwenda mapumziko Benfica ikiwa nyuma kwa 3-2. Dakika tano tu baada ya mchezo kuendelea, Coluna alipiga tena shuti la mbali na kusawazisha. Bao hilo ndilo lililougeuza mchezo, kwa sababu Madrid, timu ya wachezaji wakubwa waliokwisha kupita umri wa miaka 30, akina Puskás na Di Stéfano, ilihitaji kuulinda uongozi wake ili isilazimike kukimbizana na vijana hadi mwisho. Baada ya hapo Eusébio, aliyekuwa na miaka 20, alifunga penalti na kisha bao la mpira wa adhabu, na Benfica ikashinda 5-3.

Penalti hiyo ina maelezo yanayofaa kuzingatiwa. Eusébio alisimulia baadaye kwamba kabla ya kuipiga aliomba kwanza ruhusa kwa Coluna, ingawa nahodha rasmi siku hiyo alikuwa Águas. Ombi hilo linaonyesha jinsi mamlaka yalivyokuwa yamegawanyika ndani ya timu: kitambaa kilikuwa mkononi mwa mtu mmoja, lakini idhini ya kufanya jambo zito ilitafutwa kwa mwingine.

Heshima iliyokuwa utaratibu

Uhusiano wa Coluna na Eusébio ulianza kabla hawajacheza pamoja. Eusébio alifika Lisbon mwezi Desemba 1960 akiwa na miaka 18, huku Benfica na Sporting zikigombania haki ya kumsajili, na mama yake, aliyebaki Lourenço Marques, alimwomba Coluna amtunze. Coluna alilichukua ombi hilo kama mtu wa Msumbiji angelichukua: kijana wa nyumbani aliyekabidhiwa kwako na mzazi wake ni mtoto wako. Alimsaidia katika mambo ya kawaida ya maisha ya ugenini, akamwonyesha mji na klabu, na Eusébio kwa maisha yake yote alizoea kumwita Bwana Coluna, hata alipokuwa yeye mwenyewe mchezaji maarufu kuliko wote Ulaya.

Baada ya Águas kuondoka mwaka 1963, Coluna alikuwa nahodha wa Benfica, na mashabiki walimpa jina la Monstro Sagrado, yaani jitu takatifu, kwa jinsi walivyomstahi na kumwogopa kwa pamoja. Hakuwa mtu wa makelele. Wachezaji wenzake walimweleza kama nahodha aliyeongea kidogo, aliyesikilizwa mara moja, na ambaye hata waamuzi walimheshimu. Uongozi wa namna hiyo una manufaa ya kiufundi ambayo watazamaji hawayaoni kwa urahisi, kwa kuwa katika zama ambazo kocha hakuruhusiwa kubadilisha wachezaji wakati wa mchezo, na sauti yake haikufika mbali ya benchi, marekebisho yote ya dakika 90 yalitegemea mtu aliye ndani ya uwanja, na kiungo ndiye anayeuona mchezo kwa pande zote.

Thamani yake ilipoonekana kwa kukosekana

Fainali tatu nyingine ambazo Coluna alizicheza, zote akiwa nahodha, Benfica ilizipoteza. Ya kwanza, iliyochezwa Wembley tarehe 22 Mei 1963 dhidi ya Milan, ndiyo inayoeleza vizuri zaidi alikuwa nani. Benfica iliongoza kwa bao la Eusébio, lakini katika kipindi cha pili Coluna alichezewa rafu mbaya na Gino Pivatelli, akaumia mguu, na kwa kuwa hakukuwa na mchezaji wa akiba aliyeruhusiwa kuingia, Benfica ilimalizia mchezo ikiwa na nahodha aliyechechemea. José Altafini aliifungia Milan mabao mawili, na kombe likaenda Italia. Matokeo ya mchezo huwa na sababu nyingi, lakini ni vigumu kuamini kwamba timu ya watu wawili katikati ingeweza kumpoteza mmoja wao, tena yule wa kuunganisha pande zote, na bado ikabaki ileile.

Mwaka 1965 Benfica ilikutana na Inter katika uwanja wa San Siro, ambao ni uwanja wa Inter wenyewe, kwenye ardhi iliyolowa mvua. Shuti la Jair lilimponyoka kipa Costa Pereira, naye pia mzaliwa wa Msumbiji, likawa bao pekee la mchezo. Baadaye kipa huyo aliumia na beki Germano akavaa glavu, na Benfica ya watu kumi haikufungwa tena hadi mwisho. Mwaka 1968, Coluna akiwa na miaka 32, Benfica ilifika Wembley kucheza na Manchester United, ikalazimisha sare ya 1-1 katika dakika 90, kisha ikazidiwa nguvu katika dakika za nyongeza na kufungwa 4-1. Timu iliyofika fainali tano katika misimu minane ilikuwa imejengwa juu ya uti wa mgongo usiobadilika, na Coluna alikuwa sehemu ya uti huo tangu mwanzo hadi mwisho.

Kombe la Dunia la 1966

Ureno haikuwahi kufuzu Kombe la Dunia kabla ya 1966. Ilipokwenda Uingereza, timu ilifundishwa na Otto Glória, yuleyule aliyemrudisha Coluna nyuma alipokuwa kocha wa Benfica, na kikosi chake kilikuwa na wachezaji wanne waliozaliwa Msumbiji: Coluna, Eusébio, beki Hilário wa Sporting, na Vicente wa Belenenses, mdogo wake Matateu. Katikati ya uwanja Coluna alicheza na Jaime Graça, na mbele yao walikuwa José Augusto, Eusébio, Torres na Simões. Huo ulikuwa mfumo wa 4-2-4, na kwa hiyo mzigo ulikuwa uleule, ila sasa mbebaji wake alikuwa anakaribia kutimiza miaka 31.

Ureno iliifunga Hungaria 3-1, ikaifunga Bulgaria 3-0, kisha tarehe 19 Julai ikaifunga Brazil, bingwa mtetezi, 3-1 na kuitoa mashindanoni. Mchezo huo una doa ambalo sifa za ushindi haziwezi kulifuta, kwa kuwa Pelé alipigwa mateke kwa ukali, hasa na beki Morais, hadi akabaki uwanjani bila uwezo wa kucheza, na mwamuzi hakuchukua hatua iliyostahili. Siku nne baadaye, katika robo fainali iliyochezwa Liverpool, Korea Kaskazini ilifunga mabao matatu katika dakika 25 za mwanzo. Katika hali kama hiyo timu nyingi hutawanyika, kila mchezaji akitaka kusawazisha peke yake. Ureno haikutawanyika, bali iliendelea kuupitisha mpira katikati na kumfikishia Eusébio, ambaye alifunga mabao manne, mawili kati yake kwa penalti, kabla José Augusto hajakamilisha ushindi wa 5-3.

Nusu fainali dhidi ya Uingereza ilitarajiwa kuchezwa Liverpool, lakini ikahamishiwa Wembley, uamuzi uliowaudhi Wareno kwa muda mrefu. Bobby Charlton alifunga mara mbili, Nobby Stiles alimkaba Eusébio kwa ukaribu mchezo mzima, na penalti ya Eusébio katika dakika ya 82, bao la kwanza ambalo Uingereza ilifungwa katika mashindano hayo, ilikuja ikiwa imechelewa. Mchezo huo uliochezwa kwa makosa machache ulisifiwa sana kwa uungwana wake. Tarehe 28 Julai Ureno iliifunga Umoja wa Kisovieti 2-1 na kuchukua nafasi ya tatu. Eusébio alimaliza akiwa mfungaji bora kwa mabao tisa. Coluna hakufunga hata moja, na hilo halipunguzi chochote, kwa sababu timu iliyofunga mabao 17 katika mechi sita ilihitaji mtu wa kuhakikisha kwamba mpira unawafikia wafungaji na kwamba mabeki hawaachwi peke yao pindi unapopotea.

Jezi ya Ureno na vita vya Msumbiji

Miaka ya utukufu huu ilikuwa pia miaka ya vita vya ukombozi. Frelimo, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, kiliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, chini ya miezi miwili baada ya Coluna kufunga bao lake Amsterdam, na tarehe 25 Septemba 1964 kilianza vita vya silaha kaskazini mwa Msumbiji, kikiwa na kambi zake ndani ya Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, iliyokuwa inaelekea kuitwa Tanzania. Kwa hiyo mwaka 1966, wakati mtoto wa Inhaca alipokuwa akiiongoza Ureno uwanjani akiwa amevaa kitambaa cha unahodha, vijana wengine wa Msumbiji walikuwa wakifunzwa Kongwa na Nachingwea ili waung'oe utawala wa Ureno.

Serikali ya Ureno, chini ya António Salazar, ilinufaika na hali hiyo. Ilipolaumiwa na mataifa kwa kuendelea kutawala makoloni wakati nchi nyingi za Afrika zilikuwa zimepata uhuru, ilidai kwamba Ureno ni taifa moja la watu wa rangi mbalimbali lililotawanyika katika mabara, na timu yenye nahodha mwenye asili ya Kiafrika ilionekana kuwa ushahidi wa dai hilo. Ushahidi huo ulikuwa wa uongo, kwani nahodha mmoja hakuwaondolea Waafrika wa Msumbiji kazi za kulazimishwa wala hakuwafungulia shule zilizofungwa kwao. Lakini itakuwa si haki pia kumhesabu Coluna kuwa chombo tu cha watawala. Heshima aliyopewa na wachezaji weupe waliofuata amri zake haikutolewa na serikali. Aliijenga kwa kazi, mwaka baada ya mwaka, katika nchi ambayo sheria zake kwa muda mrefu zilikana kwamba watu wa kwao wanaweza kuongoza. Mambo haya mawili yalikuwa kweli kwa wakati mmoja, na maisha yake hayaelezeki kwa kuchagua moja na kuliacha jingine.

Miaka ya mwisho na kurudi nyumbani

Coluna alimaliza kuichezea timu ya taifa mwaka 1968, baada ya mechi 57 na mabao 8. Aliondoka Benfica mwaka 1970, akiwa ameichezea mechi zaidi ya 500 na kufunga mabao zaidi ya 100, idadi kubwa kwa mchezaji ambaye kufunga hakukuwa kazi yake ya kwanza. Alicheza msimu mmoja katika klabu ya Lyon ya Ufaransa, kisha akarudi Ureno na kumalizia katika klabu ndogo ya mji wa Portalegre.

Utawala wa kidikteta wa Ureno ulipinduliwa tarehe 25 Aprili 1974, na Msumbiji ikapata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Coluna alichagua kurudi na kuishi Msumbiji, nchi changa iliyokuwa na upungufu mkubwa wa wataalamu na ambayo muda mfupi baadaye iliingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Huko aliongoza shirikisho la mpira wa miguu la nchi hiyo na akawa mbunge wa Frelimo, chama kilekile kilichopambana na dola ambayo aliwahi kuivalia jezi. Uchaguzi huo hauhitaji kufasiriwa kuwa toba, kwa kuwa hakuna alichotakiwa kukitubia. Unaonyesha kwamba mtu aliyeutumia ujana wake katika klabu ya Lisbon hakuwa amesahau alikotoka, na kwamba nchi yake mpya ilimtambua kuwa wake.

Eusébio alifariki Lisbon tarehe 5 Januari 2014, na Coluna alifariki Maputo tarehe 25 Februari mwaka huohuo, akiwa na miaka 78. Kuna mafunzo mawili ambayo wapenzi na walimu wa mpira wanaweza kuyachukua katika maisha yake. La kwanza ni la kiufundi: kijana aliyezoea kufunga akirudishwa katikati ya uwanja hashushwi cheo, bali anaweza kupewa kazi inayowafaa wengi zaidi, ikiwa kocha anajua anachokiona na mchezaji anakubali kujifunza upya. La pili linahusu namna historia ya mpira inavyoandikwa. Orodha za wafungaji ni rahisi kuzihifadhi, ilhali kazi ya kiungo haiachi hesabu inayolingana nayo, na matokeo yake ni kwamba watu wanaozifanya timu ziwe timu husahaulika mapema kuliko wanavyostahili. Kumrudishia Mário Coluna nafasi yake hakumpunguzii Eusébio chochote, kwani Eusébio mwenyewe, aliyemwita Bwana Coluna hadi mwisho, alikuwa wa kwanza kukiri ukubwa wake.